Dawa za moyo kwa mzee wa nyumbani: zipi ziendelee, zipi zipunguzwe

Huku Bungulu, mjini Beni, mashariki mwa Kongo, mzee aliyetoka hospitali baada ya shambulio la moyo hapelekwi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anarudi kwa mwanawe, au kwa mjukuu mwenye chumba cha akiba, na tangu jioni ile muuguzi wake ni mkamwana. Ndiye anayejua mfuko wa vidonge umewekwa wapi, na ndiye atakayeulizwa kama mzee amemeza. Makala haya ni yake zaidi kuliko ya daktari.

Shambulio la moyo hutokea mshipa unaolisha msuli wa moyo unapoziba. Mafuta yaliyojikusanya ukutani mwa mshipa hupasuka, damu huganda juu yake, na sehemu ya msuli hufa kwa kukosa oksijeni. Aliyenusurika mara ya kwanza yuko hatarini kupata la pili, ndiyo maana huandikiwa dawa za kudumu. Aspirini ya dozi ndogo huzuia damu isigande ovyo. Statini, kwa mfano atovastatini, hushusha kolesteroli na kuyatuliza yale mafuta. Enalaprili na ndugu zake huupunguzia moyo mzigo. Beta-bloka, kama bisoprololi, hupunguza kasi ya mapigo. Wengine huongezewa klopidogreli kwa miezi ya mwanzo.

Hapa kuna mtego. Aspirini ya moyo ni miligramu 75 hadi 100 kwa siku. Kidonge cha 500 kinachouzwa kwa maumivu ya kichwa si hicho, na kukimeza kila siku ni kuliweka tumbo la mzee katika hatari ya kuvuja damu. Dozi ndogo yenyewe haina ubishi. Utafiti mkubwa wa ISIS-2 wa mwaka 1988, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba aspirini iliyoanzwa ndani ya siku ya kwanza na kuendelea kwa mwezi mmoja ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23. Ni kidonge cha bei ndogo mno kwa kazi hiyo.

Lakini wengi wa wagonjwa wa tafiti za namna ile hawakuwa na miaka 85, hawakusahau majina ya watoto wao, wala hawakuhitaji kushikwa mkono kwenda msalani. Mwaka 2017 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchunguzi wa wazee wa Marekani waishio kwenye nyumba za kutunzia wazee, walioanzishiwa beta-bloka baada ya shambulio la moyo. Katika siku 90, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa karibu robo kuliko vya wenzao wasioitumia. Hata hivyo, wale ambao akili ilikuwa imedhoofika sana, au waliokuwa tayari wanategemea wengine kwa karibu kila kitu, walizidi kupoteza uwezo wa kuvaa, kula na kusimama wenyewe. Waliokuwa bado na akili timamu hawakuonyesha hasara hiyo kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Dawa ni ileile, wazee ndio tofauti.

Kuna na hili. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwaachisha statini wagonjwa waliokadiriwa kubakiza chini ya mwaka mmoja wa kuishi. Vifo havikuongezeka kwa kiasi cha kuonekana, na hali yao ya maisha ilikuwa nzuri zaidi kidogo. Statini hulipa polepole. Anayekaribia mwisho wa safari hana sababu ya kulazimishwa kumeza kinga ya miaka ijayo.

Lakini hili lisisomwe vibaya. Tatizo la Marekani ni vidonge kuwa vingi mno. Letu ni kinyume. Utafiti wa PURE wa mwaka 2011 ulikuta kwamba katika nchi maskini, wagonjwa wanane kati ya kumi waliowahi kupata shambulio la moyo au kiharusi hawakuwa wakitumia hata moja ya dawa hizi. Huku Beni na Butembo dawa hulipwa mfukoni, na familia iliyokimbia vita kutoka Mbau au Eringeti haikumbuki kubeba karatasi ya daktari. Kuacha dawa kwa sababu fedha zimekwisha si uamuzi wa kitabibu. Uamuzi hufanywa na mtu aliyemtazama mzee, akapima presha yake akiwa amekaa na akiwa amesimama, akauliza amewahi kuanguka mara ngapi.

Kwa hiyo, kabla mfuko haujaisha, weka vidonge vyote pamoja, hata vile vya maumivu ya viungo vilivyonunuliwa barabarani, uvipeleke kituo cha afya. Diklofenaki na ibuprofeni zikichanganywa na aspirini huzidisha hatari ya kuvuja damu tumboni. Kikohozi kikavu kisichoisha kinaweza kuwa cha enalaprili, wala si kifua kikuu. Mwambie muuguzi wa kituo abadilishe dawa. Beta-bloka isikatwe ghafla: hupunguzwa taratibu kwa maelekezo. Fedha zikiwa chache, muulize daktari kipi kitangulie, usijichagulie. Na mzee akipata choo cheusi kama lami, dalili ya damu kuvuja tumboni, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku na itabidi kumwamsha motari, yaani dereva wa pikipiki.