Chakula cha Siku Chache, Pacha Zizini

Kusini-magharibi mwa Australia, mvua hunyesha majira ya baridi, na kiangazi huacha nyasi kavu zisizo na lishe. Kondoo wengi wa Merino hupandishwa wakati huo wa ukame. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi, mjini Perth, akiwamo Graeme Martin, wamechunguza kwa miaka mingi namna chakula kidogo, kikitolewa kwa wakati wake, kinavyobadili uzazi.

Kondoo jike huingia kwenye joto kila baada ya siku 17 hivi. Akipewa takriban nusu kilo ya lupini kwa siku, punje za jamii ya kunde zenye protini na nishati nyingi, siku chache tu kabla ya mayai kupevuka, mayai huongezeka na pacha pia. Si lazima anenepe kwanza. Glukosi na insulini hupanda katika damu, na ovari hukuza vifuko vingi zaidi vya mayai.

Dume anataka muda mrefu zaidi. Mbegu zake huchukua wiki 7 hivi kutengenezwa, hivyo huongezewa chakula miezi 2 kabla. Korodani hukua na mbegu huongezeka.

Kisha huja wiki ya mwisho ya mimba. Mama aliyeshiba hutoa dang'a tele, yale maziwa mazito ya mwanzo. Mwanakondoo husimama akitetemeka na kutafuta chuchu. Akinyonya mapema hupata joto, nguvu na kinga.

Ndiyo maana wafugaji wengi wa huko hupima mimba kwa ultrasaundi, wakawatenga wenye pacha na kuwapa malisho bora.