Sabato ya Wakimbizi: inavyofanyika, na inavyotuhusu watu wa Pangani

Mtu wa Mwera, wilayani Pangani, akiambiwa kwamba masinagogi ya Marekani hutenga Sabato moja kila mwaka kwa ajili ya wakimbizi, anaweza kuona ni mambo ya watu wa mbali. Lakini kati ya waliopokelewa Marekani na mashirika ya Wayahudi wamo wajukuu wa watu waliochukuliwa bara ya pwani yetu hii hii, huko Uzigua, karibu miaka mia mbili iliyopita, na wapo ambao mpaka leo wanaongea Kizigua nyumbani. Jamaa wa Tanga tulio huku Marekani nasi hualikwa kwenye Sabato hizo, mara kutafsiri, mara kuzungumza, mara kula tu. Wengi huenda bila kujua wanachoingia, na waliowaalika hawajui la kuwaambia. Ndiyo sababu naandika.

Nianze na Wazigua wenyewe. Miaka ya 1830 njaa kali iliingia Uzigua. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula na kazi. Wengine waliuzwa, wengine walidanganywa kwamba wanapelekwa mahali penye kazi na malipo. Walipandishwa vyombo wakapelekwa pwani ya Benadir, Somalia ya leo, kwenye miji ya Barawa na Merka, wakalimishwa mashamba ya bonde la Shabelle. Baadaye makundi yao yalitoroka kusini mpaka msitu wa Mto Juba, mahali palipokuja kuitwa Gosha. Wazee wao wanasimulia kwamba aliyewaongoza alikuwa mwanamke, Wanakhucha. Huko Juba walilima kwa vizazi vingi, na lugha yao hawakuiacha.

Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, wakulima hao waliporwa na kuuawa na wanamgambo, na koo za kuwatetea hawakuwa nazo. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab, Kenya. Baadhi walikuja kwa bahari mpaka kwetu, wakawekwa Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 yakafunguliwa makazi ya Chogo katika wilaya hiyo hiyo, wakapewa ardhi, kisha wakafunguliwa njia ya uraia. Waliobaki Dadaab walioomba kurudi Tanzania hawakufanikiwa, kwa kuwa wakati huo nchi ilikuwa imelemewa na wakimbizi wa Rwanda na Burundi. Msumbiji nayo ilikubali kisha ikarudi nyuma. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwachukua watu kama 12,000 waliokuja kuitwa Wabantu wa Somalia. Walihamishiwa kambi ya Kakuma, humo humo Kenya, mwaka 2002, na ndege za kwanza zikaondoka 2003.

Serikali ya Marekani haikuwapokea yenyewe kwa mkono wake. Kazi ya kumpangishia mgeni nyumba, kumwandikisha mtoto shule na kumtafutia baba kazi ilipewa mashirika, na mengi kati yake yalikuwa ya dini: Wakatoliki, Walutheri, Wayahudi. Si kila mji ulifungua mlango. Holyoke, Massachusetts, baraza la mji lilipinga kuletewa Wabantu wa Somalia mwaka 2002. Mji jirani wa Springfield uliwapata, na miongoni mwa waliowapokea huko lilikuwamo shirika la Wayahudi.

Nyuma ya mashirika hayo ya Wayahudi kuna HIAS, iliyoanza New York kuwahudumia Wayahudi waliokimbia mauaji katika dola ya Urusi. Kwa miongo mingi kazi yake ilikuwa kumpokea Myahudi mwenzao anayeshuka melini. Wanakumbuka vizuri nini hutokea mlango ukifungwa: mwaka 1939 meli ya St. Louis, yenye abiria 937, karibu wote Wayahudi waliokuwa wanamkimbia Hitler, ilikataliwa Cuba, ikakataliwa Marekani na Kanada, ikarudi Ulaya. Abiria 254 kati yao waliuawa baadaye. Miaka ya 1970 HIAS ilianza kupokea watu wa Vietnam, na leo wengi inaowahudumia si Wayahudi. Nairobi ilifungua ofisi mwaka 2002, na Wakongo wengi wanaosoma Kiswahili hiki wamepita mlangoni pake.

Sabato ya Wakimbizi ilitangazwa na HIAS kwa nchi nzima mwaka 2018, ikawekwa tarehe 19 na 20 Oktoba, na mamia ya masinagogi yakajiandikisha. Wazo lenyewe ni rahisi: kila sinagogi lishike Sabato yake kama kawaida, na ndani ya Sabato hiyo suala la mkimbizi lipewe nafasi katika sala, mahubiri na chakula.

Hapo ndipo mgeni anahitaji kuelewa Sabato ni siku gani. Huanza Ijumaa kabla ya jua kuzama, mama mwenye nyumba anapowasha mishumaa, kwa desturi dakika 18 kabla ya machweo, na huisha Jumamosi usiku nyota tatu zikionekana. Anayeishika sawasawa hawashi moto, haandiki, haendeshi gari, hagusi pesa. Wanazuoni wao wa kale walihesabu aina 39 za kazi zilizokatazwa. Wa madhehebu ya Reform hulegeza mengi, wa Orthodox hawalegezi.

Kwa haraka utasema siku hiyo haifai kabisa kumsaidia mkimbizi. Hakuna kupitisha kapu la mchango, hakuna kusaini barua ya kumpelekea mbunge, na katika masinagogi mengine hata kipaza sauti hakiwashwi. Mimi naona makatazo hayo ndiyo yanayoipa siku hii nguvu yake. Mkutano ukinyang'anywa pesa, kalamu na simu, kilichobaki cha kumpa mgeni ni muda, chakula na sikio. Na mkimbizi, tangu aandikishwe kambini, hivyo hasa ndivyo hajapewa. Amehojiwa na UNHCR, akahojiwa na wanaoandaa faili lake, akahojiwa tena na maofisa wa Marekani, kila mmoja na fomu yake, kila mmoja akilinganisha jibu la leo na la mwaka juzi. Sabato ni mara ya kwanza anasikilizwa na watu ambao hawaandiki.

Halafu kuna Taurati. Wao huisoma fungu kwa fungu, kila wiki na lake, mpaka mwaka unapozunguka. Sabato ile ya kwanza ya Oktoba 2018 iliangukia fungu la Ibrahim anapoamriwa kutoka katika nchi yake, na mbele kidogo ndani ya fungu hilo hilo njaa inaingia Kanaani, anateremka Misri kutafuta chakula. Rabi hana haja ya kutafuta mahubiri mbali. Mzigua akitafsiriwa fungu hilo atakuwa na la kusema kuhusu njaa na kuteremka, na akilisema watu watalisoma fungu lao upya.

Wiki moja baadaye, Jumamosi ya tarehe 27, fungu lilikuwa la Ibrahim anapowapokea wageni watatu, kisa ambacho sisi Waislamu tunakijua vizuri. Asubuhi hiyo mtu mwenye bunduki aliingia jengo la Tree of Life, mtaa wa Squirrel Hill, Pittsburgh, ambamo mikutano mitatu ya Kiyahudi ilikuwa ikisali, akaua watu 11. Mmoja wa mikutano hiyo, Dor Hadash, ulikuwa umejiandikisha kwa Sabato ya Wakimbizi. Muuaji alikuwa ameiandika HIAS kwa jina mtandaoni akiituhumu kuleta wavamizi, na alikuwa ameona orodha ya masinagogi yaliyojiandikisha. Mwaka 2023 alihukumiwa kifo. Pittsburgh ni mji wenye Wabantu wengi wa Somalia. Waislamu walichanga zaidi ya dola 200,000 kwa ajili ya waliofiwa, na Kituo cha Kiislamu cha Pittsburgh kilikuwa mstari wa mbele. Kila ninapomsikia mtu anasema siku hii ni sherehe ya kujionyesha wema, hukumbuka kwamba watu waliuawa kwa chuki iliyoelekezwa kwenye kazi hii, na masinagogi hayakuiacha. Imeendelea tangu hapo, mara nyingi kati ya mwezi wa pili na wa tatu.

Sasa, inavyopangwa vizuri na inavyopangwa vibaya. Mpango mbaya naujua: mgeni anasimamishwa mbele, anaulizwa aeleze jinsi ndugu zake walivyouawa, watu wanalia, anapewa chai, anarudishwa kwake. Hilo ni mahojiano mengine tu, safari hii mbele ya hadhara. Mpango mzuri humuuliza mgeni mapema anataka kusema nini, na humwacha achague kuzungumzia kilimo cha Juba, au jinsi bibi yake alivyofundishwa kusuka mkeka, au asizungumze kabisa. Mzigua wa Gosha ni mkulima hodari. Mwulize kuhusu mahindi na ufuta uone.

Jikoni ndipo mambo huenda vizuri zaidi, na hapo watu wetu wana mengi ya kutoa. Usipeleke sinagogini sufuria ya pilau uliyopika kwako. Jiko lao lina sheria zake na chakula cha nyumbani kwako hakitaingia, hata kiwe kitamu vipi. Badala yake, akina mama huomba kupika humo humo Ijumaa mchana, chini ya macho ya msimamizi, kabla jua halijazama. Nguruwe hamna, kwa hiyo hofu ya kwanza inaondoka. Nyama na maziwa havichanganywi, lakini tui la nazi si maziwa kwa sheria yao, kwa hiyo wali wa nazi na mchuzi wa kuku vinakaa meza moja bila taabu, mradi kopo la tui liwe na alama ya kosheri, yaani halali kwao. Mchicha utawachosha. Mdudu ni haramu kwao, kwa hiyo kila jani linaoshwa na kukaguliwa kwenye mwanga, juu na chini, na watu wawili watatu wakisimama kwenye sinki moja saa nzima. Ujuzi wa kuchambua mchicha kila mama wa Pangani anao, na saa ile ya sinki imewafahamianisha watu kuliko mahubiri. Mezani mikate miwili imefunikwa kitambaa, inabarikiwa, inachovywa chumvi. Divai hubarikiwa pia. Asiyekunywa aseme tu, juisi ya zabibu inakubalika kwa baraka ile ile.

Sinagogi likitafuta mkalimani, lisiulize tu nchi. Mara nyingi Mbantu wa Somalia ameletewa mkalimani wa Kisomali cha kawaida na hakuelewana naye, kwa sababu yeye anaongea Kimaay au Kizigua. Huku Marekani wapo vijana wa Handeni na Pangani wanaokijua Kizigua kwa bibi zao. Wajitokeze. Nimeona wazee wa Gosha wakimkamata mkono kijana wa Handeni wasimwachie, wakimwuliza majina ya ukoo wake, nani alizaa nani.

Wengine kwetu husita kwa sababu ya dini, au kwa sababu ya Palestina. Siwezi kumwamulia mtu moyo wake, na maumivu hayo ni ya kweli. Ninachoweza kusema ni kwamba kumpokea mgeni si jambo geni kwa mtu wa Mwera. Mkonge uliletwa Kikogwe, karibu nasi kabisa, mwaka 1893, ikapona miche 62. Kutokana na miche hiyo mashamba yakaenea, na mashamba yakavuta manamba kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Walikuja kwa mkataba, wengi hawakurudi, na wajukuu wao leo ni watu wa Mwera, wanazika na kuozesha pamoja nasi.

Jumamosi usiku, nyota zikishaonekana, Sabato huagwa kwa mshumaa wa kusukwa wenye tambi nyingi, divai, na kikopo cha viungo kinachopitishwa kila mtu anuse. Mara nyingi ndani yake mna karafuu. Mshumaa ukishazimwa kwenye divai, kalamu na simu zinaruhusiwa tena, na hapo kazi yenyewe inaanza. Sinagogi lililojipanga huwa na karatasi tayari mezani: nani atampeleka mama fulani kliniki Jumanne, nani atamfundisha kijana udereva, nani atakaa na mzee kujaza fomu za uraia, nani atatoa fedha za kodi ya mwezi mmoja. Kama hakuna karatasi mezani usiku ule, kufikia Jumatatu watu wameshasahau.

Karatasi hiyo imekuwa na uzito zaidi tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa na tikiti mkononi walifutiwa safari. HIAS ilikwenda mahakamani Seattle mwezi uliofuata pamoja na mashirika mawili ya Kikristo, na miongoni mwa walalamikaji wenzao yumo mkimbizi wa Kongo aliyekuwa Kenya. Wageni wapya wakipungua, masinagogi yenye watu waliokwisha kujifunza kazi yanaweza kuwageukia waliopo: wenye kadi ya ukaazi ambao hawajaomba uraia, wajane wasiojua kusoma barua za serikali, vijana wanaotafuta chuo. Kwa jamaa zetu wa Gosha, wengi walioletwa wakiwa wazee wangali wanahitaji mtu wa kukaa nao kwenye fomu hizo kwa lugha wanayoielewa. Kama unajua Kizigua na kuna sinagogi karibu nawe, wapigie simu siku yoyote ya wiki kabla ya Ijumaa mchana, uulize anayeshughulikia wakimbizi ni nani.