Sufuria ya presha ya umeme: Je, ni anasa au ni kinga ya kifua?

NA DAKTARI WETU

WAKAZI wengi wa miji yetu hujiuliza iwapo inafaa kununua ile sufuria ndogo ya presha inayotumia umeme, ambayo huwekwa juu ya meza na kuachwa ipike yenyewe. Wengine huiona kuwa ni anasa ya watu wenye pesa za kuchezea. Wengine huhofia bili ya stima, na kuna wanaoogopa kuwa siku moja italipuka na kuwaunguza.

Kwa kawaida swali kama hili huachiwa fundi wa stima au mwenye duka. Hata hivyo, ni swali linalomhusu daktari pia, kwa kuwa chochote kinachowaka jikoni huishia katika mapafu ya wale wanaoishi humo. Katika nyumba nyingi za kupanga mijini, jikoni na chumba cha kulala ni mahali pamoja.

Daktari yeyote anayehudumu katika zahanati ya mtaani amekutana na mama huyu: mtoto wake wa miaka miwili anakohoa, amepewa dawa na akapata nafuu, lakini baada ya wiki tatu amerudi tena akipumua kwa shida. Mama anaulizwa kuhusu chanjo, chakula na baridi. Akiulizwa anapikia nini, anajibu kuwa ni jiko la makaa au stovu ya mafuta ya taa, na kwamba mtoto huwa mgongoni au kando yake hadi chakula kiive. Dawa ya kikohozi haiwezi kushindana na moshi unaovutwa kila siku.

Moshi unavyoua

Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020. Miongoni mwao walikuwa zaidi ya watoto 237,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Watoto hao huuawa hasa na nimonia. Watu wazima huugua ugonjwa sugu wa mapafu, maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Moshi huo pia huchangia ugonjwa wa mtoto wa jicho, na mama mjamzito anayeuvuta anaweza kujifungua mtoto mwenye uzani mdogo.

Hapa Kenya, sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya familia zilitegemea kuni katika upishi, asilimia 11.6 makaa na asilimia 7.8 mafuta ya taa. Gesi ilitumiwa na asilimia 23.9. Waliotegemea umeme hawakufika hata asilimia moja, ingawa nyaya za stima zilikuwa zimefika katika nyumba nyingi.

Wengi hudhani kwamba mafuta ya taa ni salama kwa kuwa moshi wake hauonekani sana. Sivyo. Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2014, WHO ilishauri watu waache kuyatumia nyumbani. Aidha, mafuta hayo huwekwa katika chupa za soda, na watoto huyanywa wakidhani ni kinywaji. Hilo likitokea, usimtapishe mtoto. Mpeleke hospitalini mara moja, kwa sababu mafuta yanayoingia katika mapafu wakati wa kutapika ndiyo hatari zaidi.

Makaa nayo yana hatari yake. Yakishakolea hayatoi moshi, na hapo ndipo watu huyaingiza nyumbani kuota moto katika baridi ya Juni na Julai. Makaa hayo hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hukosa hewa huku akiendelea kupumua. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na ni rahisi kudhani ni malaria. Iwapo watu wote nyumbani wameamka wakiumwa na kichwa, na maumivu hayo hupungua wakitoka nje, shuku jiko kwanza. Toeni jiko nje, fungueni madirisha na mwende hospitalini.

Kwa nini maharagwe?

Sufuria hii haiwezi kusonga ugali wala kukaanga chapati. Anayeinunua akidhani atatupa jiko lake siku hiyo hiyo atavunjika moyo. Faida yake iko katika vyakula vichache vinavyochukua muda mrefu kuiva: maharagwe, githeri, ndengu, muthokoi, matumbo na supu ya mifupa.

Hebu fikiria. Ugali na sukumawiki huwa tayari kwa chini ya saa moja. Githeri huweka jiko likiwaka kwa saa tatu au zaidi. Kwa hivyo chungu kimoja cha githeri huweza kuwavutisha watoto moshi mwingi kuliko ugali wa siku mbili au tatu. Ukikiondoa chakula hicho kimoja katika jiko la makaa, umepunguza sehemu kubwa ya moshi bila kubadilisha mapishi yako mengine.

Wakazi wa nyanda za juu wana sababu nyingine. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwa nyuzijoto 94 hivi badala ya 100 kama ilivyo Mombasa. Eldoret huchemka kwa kiwango cha chini zaidi. Hata ukiongeza makaa, maji yanayochemka hayapandi joto zaidi ya hapo, na ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva. Sufuria ya presha hufungia mvuke ndani na kupandisha joto hadi kupita nyuzijoto 110. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa chini ya saa moja.

Hesabu ya stima

Kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi mfululizo kwa saa moja hutumia uniti moja ya umeme. Jiko la koili la nguvu hiyo likichemsha githeri kwa saa tatu litatumia uniti tatu. Sufuria ya presha ya wati hizo hizo ni tofauti: ikishafikia presha yake hujizima, kisha hujiwasha kidogo tu pale joto linapopungua. Tuseme moto wake umewaka kwa nusu saa kwa jumla. Hapo imetumia nusu uniti.

Ili kujua bei yako halisi, chukua risiti ya tokeni na ugawanye pesa ulizolipa kwa uniti ulizopewa. Ikiwa kila uniti imekugharimu Sh30, githeri ya sufuria hii ni Sh15, ilhali ile ya koili ni Sh90. Sasa linganisha na mikebe ya makaa unayonunua kwa mlo huo. Ukiokoa Sh100 kwa kila chungu, na unapika vyungu viwili kwa wiki, sufuria ya Sh8,000 italipia gharama yake kwa wiki 40. Ukipika maharagwe mara moja kwa mwezi, itakuchukua miaka.

Hesabu hiyo haijahusisha nauli ya kwenda hospitalini, dawa wala siku ya kazi anayoipoteza mzazi. Mwenye mtoto wa pumu anajua gharama hizo bila kuambiwa.

Tahadhari

Sufuria zote za umeme si sawa. Kuna zile zinazopika polepole kwa joto la chini kwa saa nyingi. Hizo zisitumiwe kupikia maharagwe mekundu mabichi. Maharagwe hayo yana sumu ya asili ambayo huharibika tu yanapochemshwa barabara, na joto la nyuzi 80 linaweza hata kuizidisha. Mlaji hutapika na kuharisha baada ya saa chache. Yaloweke kwa angalau saa tano, mwaga maji hayo, kisha yachemshe vizuri katika maji mapya kabla ya kuyahamishia humo. Katika sufuria ya presha tatizo hilo huisha, mradi yaive hadi yawe laini.

Jambo ambalo hakuna sufuria inayoweza kulitatua ni mahindi yenye kuvu. Mnamo mwaka wa 2004, sumu ya aflatoksini iliua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na wilaya jirani. Joto la jikoni haliwezi kutegemewa kuimaliza sumu hiyo. Mahindi yaliyobadilika rangi au kuota ukungu yatupwe, hata kama una presha ya aina gani.

Kuhusu kulipuka, sufuria za kisasa zina kufuli lisilofunguka hadi presha iishe, pamoja na tundu la kutolea mvuke. Ajali nyingi hutokana na haraka. Usijaze maharagwe kupita nusu ya sufuria, kwani hufura na kutoa povu linaloweza kuziba tundu hilo. Lisafishe kila baada ya kupika. Usilazimishe kifuniko, na usiweke uso au mkono juu ya mvuke. Mtu akiungua, mwagie maji safi ya bomba kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, unga wala mayai.

Weka sufuria mahali ambapo mtoto hawezi kuvuta waya wake. Tumia plagi yenye vyuma vitatu katika soketi ya ukutani iliyo imara. Usiiunganishe katika waya wa kuongezea pamoja na pasi na televisheni, na iwapo stima ya nyumba yako imeunganishwa kiholela, usinunue kabla ya fundi mwenye leseni kuirekebisha. Wakati wa kununua, tafuta alama ya KEBS, na uulize kama mpira wa kifuniko unapatikana madukani, kwa kuwa huo ndio huchakaa mapema.

Stima ikipotea chakula kikiwa bado hakijaiva, usikiache humo kikiwa vuguvugu hadi asubuhi. Bakteria hupenda joto lililo kati ya nyuzi 5 na 60. Kihamishie kwenye jiko lingine mara tu presha inapoisha.

Nani anunue?

Kama unapika kwa makaa au mafuta ya taa, unaishi katika chumba kimoja au viwili, na familia yako hula maharagwe au githeri mara mbili au zaidi kwa wiki, sufuria hii inafaa. Inafaa hata zaidi ikiwa nyumbani kuna mtoto mchanga, mama mjamzito, mzee au mgonjwa wa pumu.

Kama tayari unatumia gesi, mapafu yako hayatapata faida kubwa, kwa sababu WHO huhesabu gesi kuwa miongoni mwa nishati safi nyumbani. Kwako wewe ni suala la kuokoa muda na mtungi. Na ikiwa stima hupotea kila jioni mtaani kwenu, au unaishi peke yako na kula hotelini, pesa zako zina kazi nyingine.

Wasioweza kuinunua sasa wasikate tamaa. Loweka maharagwe usiku kucha, funika sufuria, washa jiko nje au barazani, na mweke mtoto mbali hadi upishi uishe. Kina mama kadhaa katika ploti moja wanaweza pia kununua sufuria moja kwa chama na kupokezana siku, mradi wakubaliane mapema juu ya malipo ya tokeni.

Kwa vyovyote vile, usiinunue kisha uendelee kuchemsha githeri kwa makaa huku sufuria ikiwa pambo la meza. Faida yake kwa afya hupimwa kwa saa ambazo jiko lako limekaa bila kuwashwa.