Virusi Viwili Katika Shina Moja

Shina moja la muhogo laweza kubeba virusi vya aina mbili au tatu kwa pamoja, naye mkulima akaona maradhi mamoja tu. Kisiwani Pemba, Gombani na kwengineko, maradhi ya kuchungwa ni mawili. Batobato hujitangaza: majani huingia mabaka ya manjano na kujikunja. Michirizi ya kahawia ni ya hila zaidi, kwani mti waweza kusimama kijani huku mizizi ikioza kwa ukavu chini, na siri hutoka siku ya kuchimba. Yote huenezwa na inzi mweupe, na pia na mkono wa binadamu unaokata mbegu kwenye shina lenye maradhi.

Batobato nayo haina kirusi kimoja tu. Kimojawapo kimepewa jina la Zanzibar. Virusi vyake vikikutana ndani ya seli moja hubadilishana vipande vya urithi. Ndivyo kilivyozaliwa kirusi kilichotambuliwa Uganda mwaka 1997, kiini cha batobato kali iliyowafanya wakulima wengi huko waache muhogo. Miti iliyobeba kirusi hicho pamoja na kirusi cha batobato kilichokuwepo tangu zamani ndiyo iliyodumaa kuliko yote.

Sababu imo katika kinga ya mmea, ambayo hukatakata ujumbe wa urithi wa kirusi. Kila kirusi kina protini ya kuizima kinga hiyo, lakini si lazima zigonge mahali pamoja. Mlango mmoja ukivunjwa, mmea hujitetea kwa mwengine na pengine ukapona. Ikivunjwa miwili, virusi vyote huzaana kwa wingi. Mahindi ya Bomet, Kenya, yalipatwa na msiba wa namna hiyo mwaka 2011: virusi viwili, ambavyo kila kimoja peke yake kingevumilika, vilikausha mashamba.

Si kila mkutano ni wa ushirika. Brazil, michungwa huambukizwa makusudi kirusi dhaifu ili kimzuie jamaa yake mkali.

Kwa muhogo, kinga ya upande mmoja haitoshi. Uganda ilipopanda aina zinazostahimili batobato, michirizi ikazivamia kuanzia mwaka 2004. Aina nne zilizotolewa Zanzibar mwaka 2007, yaani Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zilichaguliwa kwa kustahimili maradhi yote mawili. Anayekata mbegu kwenye shamba la zamani hana budi kuupasua na mzizi autazame, maana jani zuri limeshawadanganya wengi.