Uzalishaji wa Kupima: Jeni Zilizofichika na Majina Yake

Shabaha ya makala haya ni kueleza jinsi wataalamu wa urithi wanavyotambua jeni za kiumbe zisizodhihirika katika umbile lake, na funzo alipatalo humo mtunga istilahi.

Tuchukue njegere alizozichunguza mtawa Gregor Mendel mjini Brno, akachapisha matokeo yake mwaka 1866. Mbegu ya mviringo yaweza kuwa na jeni mbili za uviringo, au moja ya uviringo na moja ya mikunjo. Kwa macho hazitofautiani. Lakini mbegu yenye mikunjo haina ila jeni mbili za mikunjo. Basi mmea wa mbegu ya mviringo huchavushwa kwa chavua ya mmea wa mbegu ya mikunjo. Kwa kuwa mzazi huyu wa pili hana jeni iwezayo kuifunika ya mwenziwe, kila mzao hudhihirisha alichopewa na mzazi wa kwanza. Huo ndio uzalishaji wa kupima.

Mendel alipoichavusha hivyo mimea chotara, alichunguza umbo pamoja na rangi. Tukihesabu umbo peke yake, katika mbegu 110 alizopata, 57 zilikuwa za mviringo na 53 za mikunjo, yaani karibu nusu kwa nusu. Lau wazazi wale wangalikuwa na jeni za uviringo tupu, mbegu zote zingalikuwa za mviringo.

Ifahamike kwamba mbegu moja ya mikunjo yatosha kuthibitisha uchotara, bali mbegu chache za mviringo hazithibitishi usafi. Mzazi chotara aweza kutoa tano mfululizo za mviringo kwa bahati tu, mara moja katika 32. Zikiwa kumi, bahati hiyo ni mara moja katika 1,024.

Sasa tuyatazame majina. Mtu aweza kushawishika kusema “jeni yenye nguvu” na “jeni dhaifu”. Majina hayo yapotosha. Jeni ya mikunjo hurithiwa sawasawa na mwenziwe, na katika jaribio hili ndiyo shahidi tunayemtegemea. Afadhali tuseme “jeni inayofunika” na “jeni inayofunikwa”. Maneno hayo hueleza tendo lenyewe, wala hayamfundishi mwanafunzi kudharau asichokiona.