Supu ya Matunda Baada ya Ndafu

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa mpaka yale ya ziada, na utani wa kila mwaka huanza upya: Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Wenye kwao Rombo huishia Himo wakashika njia yao. Wengine hupitiliza Moshi mjini hadi Boma Ng'ombe, wakakunja kulia kuuelekea mlima, na kabla ya kilomita 30 kwisha wako Sanya Juu, mji mkubwa wa Wilaya ya Siha. Kinachofuata kinajulikana. Mbuzi wanachinjwa, ndizi zinamenywa mkungu baada ya mkungu, kata ya mbege inazunguka, na penye sherehe ya uzito ndafu anaingizwa mezani mzima, amesimama, na majani mdomoni.

Ikifika tarehe 26 matumbo yamechoka. Ndiyo siku ambayo vijana waliotoka mjini wanataka kutoka nje ya boma, na mahali pamojawapo panapopendwa ni Chemka, ile chemchemi ya maji maangavu ya Rundugai, Wilaya ya Hai. Ukitokea Sanya Juu unateremka tena hadi Boma Ng'ombe, unavuka barabara kuu, kisha unaifuata njia ya vumbi kwenye tambarare yenye joto hadi uone miti imesongamana ghafla. Mikuyu imelizunguka bwawa, watoto wananing'inia kwenye kamba na kujirusha majini, na kando yake moshi wa nyama choma unapaa. Nyama tena.

Kitindamlo cha mandari ya namna hii kwa kawaida ni tikiti maji lililokatwa vipande, au saladi ya matunda iliyotengenezwa jana usiku. Tikiti halina kosa. Saladi ndiyo yenye matatizo: papai limelegea, ndizi zimekuwa nyeusi, nanasi limemwaga maji yake yote chini ya bakuli, na aliyeitengeneza, kwa kuona imechuja, ameongeza sukari. Ajabu ni kwamba kilicho kitamu kuliko vyote humo ni yale maji ya chini, ambayo watoto huyagombea. Supu ya matunda inaanzia hapo hapo. Yale maji yanakuwa chakula chenyewe, vipande vinabaki kuwa pambo.

Mtu wa Sanya Juu akiambiwa supu, mawazo yake yanakwenda asubuhi, kwenye bakuli la mbuzi au la utumbo, chapati mbili pembeni na nusu ya ndimu. Akisikia ni ya matunda, tena ya baridi, anaweza kudhani anataniwa. Lakini watu wa mlima huu wana uzoefu mrefu wa kuugeuza mgomba kuwa kitu cha kunywewa. Mtori ni ndizi zilizochemshwa na nyama, zikapondwa mpaka zikawa laini, akapewa mzazi apate nguvu. Mbege nayo huanza na ndizi mbivu zilizochemshwa kwa saa nyingi, zikaachwa zipoe na kuchacha, zikachujwa, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Wapo wanaotia na gome la msesewe ili uchungu wake uupunguze ule utamu. Ukiondoa pombe, hatua zake ni zile zile: pika tunda, lipoze, lichuje, tafuta kitu cha kupambana na sukari.

Huko Pwani, ndizi mbivu za nazi hazikosekani kwenye futari. Ndizi zinachemka ndani ya tui pamoja na sukari na iliki, na zikilala usiku kucha zikaliwa za baridi, hakuna anayelalamika. Ulaya jambo hili ni la kawaida kabisa. Wahungaria wana meggyleves, supu baridi ya cheri chachu iliyotiwa malai chachu, na huiweka mezani mwanzoni mwa mlo wa kiangazi, kabla ya nyama. Wajerumani wana Kaltschale. Waswidi wamekwenda mbali zaidi: katika Vasaloppet, mashindano ya kuteleza kwenye theluji kwa kilomita 90 yaliyoanza mwaka 1922, washindani hunyweshwa supu ya beri njiani, hiyo lakini ni ya moto, kwa sababu zinazoeleweka.

Kinachozifanya supu hizi zisiwe juisi tu ni uchachu. Anayekamulia ndimu kwenye supu ya mbuzi anajua kanuni hiyo bila kufundishwa: mafuta na utamu vinahitaji mpinzani. Kwenye matunda kanuni ni kali zaidi kwa sababu ya ubaridi. Ulimi uliopozwa huhisi sukari kwa unyonge. Mhudumu wa baa popote Tanzania huuliza, ya moto au ya baridi, na aliyewahi kunywa soda ya moto anajua ilivyo tamu kupita kiasi, ingawa sukari yake ni ile ile. Kwa hiyo supu ya matunda huonjwa mara mbili. Ikiwa bado haijapoa inatakiwa ionekane tamu kidogo kuliko unavyotaka. Ikitoka kwenye friji itakuwa imejishusha yenyewe. Ikiwa tayari imepooza, dawa si sukari. Ni ndimu, na punje chache za chumvi.

Sanya Juu imekaa mahali pazuri kwa biashara hii. Juu yake kuna mashamba ya migomba na kahawa, na humo humo pembezoni utakuta pasheni zimetambaa juu ya miti na mitunda damu imeinamishwa na matunda mekundu. Chini yake ni nchi ya wafugaji, Wamasai kwa Wachagga, ambako maziwa hayakosekani. Maembe hupanda kutoka tambarare za joto na kutoka Tanga, na msimu wake, Novemba hadi Februari, unaangukia sawasawa kwenye sikukuu. Lushoto inaleta peasi na plamu. Nanasi hutoka mbali zaidi, mara nyingi Kiwangwa, Bagamoyo, na bei yake inakumbuka safari hiyo.

Parachichi lina habari yake. Upande wa West Kilimanjaro, kampuni ya Africado inalima Hass kwa ajili ya soko la Ulaya, na wakulima wadogo wa Siha nao wameipanda aina hiyo ili wauze kupitia kwake. Zamani parachichi lilikuwa tunda la kuangukia chini na kuliwa na watoto. Leo linapimwa kwa gramu kabla halijapanda lori. Kwenye supu linafanya kazi ambayo Mhungaria anaipa malai: linaleta mafuta na ulaini. Tahadhari ni moja tu. Ukiweka parachichi, ndizi na mtindi kwa pamoja, umepika uji.

Kwa watu sita, hesabu inayofaa ni maembe makubwa mawili yaliyoiva, matunda damu manne, pasheni sita, mtindi nusu lita, vijiko vitatu vya chakula vya sukari, ndimu moja, iliki nne na mche mmoja wa mchaichai. Dodo linafaa kwa kuwa lina nyama nyingi. Embe lenye nyuzi nalo si baya, ila litachujwa. Anza na matunda damu. Yakate alama ya msalaba kitakoni, yatie kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha kwenye maji baridi, na ganda litatoka kwa vidole. Ganda hilo ni chungu, na uvivu wa kulimenya ndio unaowafanya wengi waamini kwamba hawalipendi tunda lenyewe.

Chemsha vikombe viwili vya maji na sukari, iliki iliyopondwa na mchaichai uliopigwa kidogo kwa mchi. Tumbukiza matunda damu yaliyokatwakatwa, yaache kwa moto mdogo dakika 10, epua, toa mchaichai na maganda ya iliki. Acha yapoe kabisa. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi, kwani mtindi ukikutana na kitu cha moto unakatika vipande. Yakishapoa, yasage kwenye blenda pamoja na maembe, chuja, kisha changanya mtindi kwa mwiko. Pasheni isiingie kwenye blenda: mbegu zake zikivunjika zinaacha changa la meno. Ikamulie kwenye chujio, na ukipenda rudisha kijiko kimoja cha mbegu nzima kwa ajili ya macho. Malizia na ndimu na chumvi. Saa nne za friji ni kima cha chini. Usiku mzima ni bora zaidi.

Umeme ukikatika, blenda si lazima. Wapishi wa mlimani wanalijua hilo vizuri. Sanya Juu iko kwenye njia ya kwenda lango la Londorossi, wanakoandikishwa wageni wa njia ya Lemosho, na mgeni yeyote wa safari hizo anaweza kusimulia kwamba kila jioni, kabla ya wali au viazi, kuna supu: ya boga, ya karoti, ya tango, ya liki. Kwenye miinuko mwili unapoteza maji na hamu ya kula inakimbia, na supu ni namna ya kumnywesha mtu maji na chumvi bila kumbembeleza. Inapikwa kwa jiko la gesi ndani ya hema, bila umeme hata chembe. Mboga zikiiva vya kutosha, mwiko na chujio vinamaliza kazi. Embe lililoiva ni laini kuliko karoti yoyote.

Kuna vitu viwili vya kuviepuka, navyo ni vile ambavyo mtu angevidhania kwanza. Nanasi bichi na papai bichi, yaani yasiyopikwa hata yakiwa yameiva, yana vimeng'enya vinavyovunjavunja protini. Ndiyo maana papai huilainisha nyama ngumu. Ukiyachanganya na mtindi usiku, asubuhi utakuta uchungu. Yachemshe kwanza, au uyakate vipande na kuyatia kwenye bakuli mtu anapokaribia kula. Parachichi nalo likatwe mwisho na lipakwe ndimu lisibadilike rangi.

Ubaridi wenyewe, zamani, ungehitaji kutazamwa juu. Kibo iko mashariki ya mji, na asubuhi isiyo na mawingu inaonekana waziwazi. Mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji huko tarehe 11 Mei 1848, Desborough Cooley, msomi wa jiografia aliyekaa zake London, alimkejeli kwa miaka: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Sasa hoja ya Cooley inaelekea kutimia kwa njia mbaya, maana zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwako mwaka 1912 imeyeyuka. Mpishi wa supu anategemea friji, na safari ya kwenda Chemka inamtaka afikiri kidogo.

Chakula chenye maziwa hakitakiwi kukaa nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 za Selsiasi, saa moja tu. Njia rahisi ni chupa ya chai. Kinachozuia joto lisitoke huzuia pia lisiingie, kwa hiyo ijaze maji ya barafu nusu saa kabla, yamwage, kisha mimina supu iliyopoa vizuri. Iwe imeoshwa kwelikweli. Chupa iliyozoea chai ya tangawizi haisahau. Kwa watu wengi tumia deli, na badala ya kutia barafu ovyo, gandisha maji kwenye chupa za plastiki na uzipange pande zote. Barafu ikiyeyuka inabaki kuwa maji ya kunywa, ilimradi yalichemshwa kwanza. Kutia vipande vya barafu ndani ya supu ni kuirudisha kwenye yale maji ya saladi.

Vikombe vinatosha, bakuli si lazima. Mimina robo tatu, juu yake weka vipande vidogo vya tikiti na nanasi, na korosho chache zilizokaangwa bila mafuta kwa wanaopenda kutafuna. Wazee watauliza kwa nini mtindi una rangi ya machungwa. Wapewe kwanza, waelezwe baadaye. Asiyetumia maziwa aifanye kwa tui zito la nazi, kama Pwani, lakini aongeze ndimu ya pili kwa sababu tui halina uchachu wowote, na asiipoze mno, la sivyo mafuta ya nazi yataganda juu kama ngozi.

Maembe yakipotea sokoni baada ya Februari, peasi zilizochemshwa na karafuu mbili zinashika nafasi yake, na matunda damu yanabaki pale pale. Ila peasi ni pole. Sukari ipunguzwe hadi vijiko viwili, na pasheni ziongezwe hadi nane.