Kula udongo, tabia inayowatafuna kina mama wa Pwani

KATIKA masoko ya ukanda wa Pwani, tangu Bagamoyo hadi Dar es Salaam, si ajabu kukuta vipande vya udongo mgumu vimepangwa juu ya meza pamoja na ndimu na ukwaju. Havikuwekwa hapo kwa ajili ya kukandika nyumba. Ni udongo wa kula, ambao wengi huufahamu kwa jina la pemba, na wanunuzi wake wakubwa ni kina mama wajawazito.

Kwa baadhi yao hamu hiyo huisha mara baada ya kujifungua. Kwa wengine hugeuka uraibu: udongo hufichwa ndani ya mkoba au chini ya godoro, na harufu ya ardhi iliyonyeshewa mvua hutosha kuwatoa mate.

Tabia hii si ngeni katika mwambao. Mwaka 1870, akiwa Manyema, mashariki ya Kongo, Dk. David Livingstone aliandika katika shajara yake kuhusu ugonjwa wa kula udongo ambao Zanzibar uliitwa safura. Alieleza kuwa uliwapata watumwa, lakini hata matajiri wenye chakula tele hawakusalimika. Wagonjwa walivimba miguu, wakakonda na kuishiwa pumzi, na bado hawakuacha kula.

Livingstone alifariki dunia mwaka 1873, na Februari 1874 mwili wake ulifikishwa Bagamoyo na wasaidizi wake, kabla ya kuvushwa Zanzibar na hatimaye kuzikwa London. Neno safura nalo limebaki katika Kiswahili. Leo hutumika kwa upungufu wa damu na kwa minyoo inayousababisha.

Mabadiliko hayo ya maana yanabeba ukweli wa kitabibu, kwani udongo na upungufu wa damu ni mambo yanayokwenda pamoja.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliowahusisha wajawazito 971 wenye virusi vya Ukimwi nchini Tanzania, ulionyesha kuwa takriban asilimia 29 walikuwa wakila udongo. Kisiwani Pemba, utafiti wa mwaka 2010 miongoni mwa wajawazito zaidi ya 2,300 ulibaini kuwa karibu wanne kati ya kila kumi walikuwa na hamu ya vitu visivyo vya kawaida. Huko, mchele mbichi na vyakula vingine vya wanga visivyopikwa viliongoza kuliko udongo, na tabia hiyo iliambatana na upungufu wa damu.

Wataalamu hawajakubaliana kipi huanza. Huenda mwili uliopungukiwa madini ya chuma ndio unaozaa hamu hiyo. Lakini pia udongo wa mfinyanzi unaweza kuyanasa madini ya chuma yaliyomo katika chakula na kuuzuia mwili kuyafyonza. Hivyo mama anayekula udongo kwa sababu ya kukosa damu anaweza kuwa anaipunguza ile kidogo aliyonayo.

Aidha, udongo huweza kubeba mayai ya minyoo ya aina ya askarisi, pamoja na madini ya sumu kama risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kuuchoma au kuukausha huweza kuua mayai ya minyoo, lakini hakuondoi risasi.

Hatari si ndogo. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015-16 zilionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Mjamzito mwenye tatizo hilo yumo katika hatari ya kujifungua kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, na akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua maisha yake huwa mashakani.

Je, uraibu huu unaachwaje? Hatua ya kwanza ni kupima wingi wa damu. Mjamzito mwenye chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu. Ni muhimu amweleze mhudumu wa kliniki bila kuficha kuwa anakula udongo, kwani asiposema, chanzo cha tatizo huweza kupita bila kuonekana.

Hatua ya pili ni tiba: vidonge vya kuongeza damu, pamoja na dawa ya minyoo kwa ushauri wa mhudumu. Wenye hamu ya kutafuna barafu mara nyingi hupona upesi wanapopata madini ya chuma.

Kwa udongo, hata hivyo, vidonge peke yake huenda visitoshe. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa Lusaka, Zambia, na kuchapishwa mwaka 2004, haukuona kuwa madini ya chuma yaliwafanya waache. Hiyo ina maana kwamba mazoea nayo yana nguvu yake, na yanahitaji dawa yake.

Dawa ya mazoea ni kupunguza kiasi siku hadi siku, kutokuweka akiba nyumbani, na kuwa na kitu kingine cha kutafuna hamu inapopanda, kama vile karoti, tango au embe bichi lililooshwa vizuri.

Chakula nacho kina nafasi yake. Dagaa, samaki, nyama, maharage, mchicha na matembele huongeza madini ya chuma, na chungwa au ndimu husaidia mwili kuyafyonza. Chai ya rangi hufanya kinyume, hivyo ni vyema inywewe saa moja au zaidi baada ya mlo.

Jambo la mwisho liko mikononi mwa jamii. Mume, mama mkwe au jirani anayemcheka mjamzito kwa kula udongo hamsaidii kuacha, bali humfundisha kujificha. Anayemsindikiza kliniki ndiye anayemsaidia yeye pamoja na mtoto wake.